Bwawa la udongo lenye kina cha mita 6 kwenye shamba la familia: liko daraja gani la usalama, na nani anayeamua?

MrithiWaLaikipia

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri kuhusu bwawa lililoko katika shamba la familia yetu, magharibi mwa Kaunti ya Laikipia. Ni bwawa la tuta la udongo lililojengwa na mlowezi aliyemiliki shamba kabla ya Uhuru, na marehemu baba alilikuta tayari lina maji alipolinunua shamba. Hatuna ramani ya ujenzi wala karatasi yoyote inayohusu tuta lenyewe. Tulicho nacho ni hati ya ardhi na kibali cha zamani cha kutumia maji, ambacho muda wake ulikwisha.

Nimepima pamoja na mpima ardhi. Bwawa likijaa, kina cha maji karibu na tuta ni mita 6, urefu wa tuta kwenye usawa wa maji ni mita 140, na maji hurudi nyuma bondeni kiasi cha mita 400. Kutoka usawa huo hadi kilele cha tuta zimebaki sentimita 70 tu, kwa sababu wakati wa ukame njia ya kumwagia maji ya ziada iliinuliwa kwa magunia ya mchanga ili tuhifadhi maji mengi zaidi, na magunia hayo yapo hadi leo. Juu ya tuta imeota mikaratusi mikubwa. Upande wa chini kuna mahali panapobaki na unyevu mwaka mzima, na matete yameshika pale.

Zamani bonde lililo chini ya tuta lilikuwa malisho matupu. Sasa viwanja vimeuzwa, vingine na sisi wenyewe, na kuna nyumba kando ya mkondo pamoja na shule ya msingi iliyo umbali wa kilomita moja na nusu hivi. Fundi wa trekta anasema bwawa dogo namna hii ni la daraja A, yaani hatari ndogo, na kwamba halihitaji mhandisi. Jirani anasema ni B. Ndugu yangu anashikilia kwamba ni C kwa kuwa herufi hiyo imeandikwa kwenye kibali cha zamani. Nani yuko sahihi? Na je, nikienda kuuliza ofisini sitaamriwa kulibomoa, ilhali ng'ombe na mboga zetu zote zinalitegemea?

MhandisiMstaafu

Ndugu Mrithi, nianze na herufi ya kibali, kwa maana imewapoteza wengi. Kanuni za Usimamizi wa Rasilimali za Maji za mwaka 2007 ziliweka mipango miwili ya herufi ambayo haihusiani. Kuna aina za vibali vya matumizi ya maji, kutoka A hadi D, ambazo hupangwa kwa kuangalia jinsi matumizi hayo yatakavyoathiri mto na watumiaji wengine. Kisha kuna madaraja ya mabwawa, A hadi C, ambayo hupangwa kwa vipimo vya bwawa lenyewe. Kibali cha aina C hakisemi lolote kuhusu uimara wa tuta lako wala ukubwa wake.

Vipimo vinavyotazamwa katika madaraja ya mabwawa ni vitatu: kina cha juu kabisa cha maji bwawa linapojaa, ujazo, na eneo linalokusanya maji ya mvua na kuyaleta bwawani. Daraja A, la hatari ndogo, ni kina kisichofika mita 5, ujazo usiofika mita za ujazo 100,000 na eneo lisilofika kilomita za mraba 100. Daraja B, la hatari ya kati, ni kina cha kuanzia mita 5 hadi chini kidogo ya 15, ujazo wa hadi mita za ujazo 1,000,000 na eneo la hadi kilomita za mraba 1,000. Linalozidi hapo ni daraja C.

Ujazo wa bwawa lako unaweza kuukadiria bila mashua wala kifaa chochote: zidisha urefu wa tuta kwenye usawa wa maji kwa umbali ambao maji hurudi nyuma, zidisha tena kwa kina, kisha gawa kwa 6. Kwa vipimo ulivyotoa unapata mita za ujazo 56,000. Ni makadirio ya bonde lenye umbo la kawaida, lakini yanatosha kwa hatua hii. Kwa ujazo, basi, fundi wako ana hoja. Kwa kina, jirani yako ndiye aliyesema kweli. Vipimo vinapogongana, usichague kile kinachokupendeza. Chukua kilicho kizito, na hapa kilicho kizito ni kina. Bwawa lako lishughulikie kama la daraja B, na hilo peke yake linatosha kukupeleka kwa mtaalamu wa rasilimali za maji aliyesajiliwa.

Anayeamua ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, yaani WRA, kupitia ofisi yake inayosimamia bonde lenu, na unapokwenda uliza pia kama vigezo vimebadilishwa katika kanuni zilizofuata. Chama cha Watumiaji wa Rasilimali za Maji cha mto wenu kitakuelekeza vizuri kuliko kumtafuta afisa mmoja mmoja.

NgombeNaNyasi

Kwa heshima zote kwa mzee Mhandisi, naona mnamtia mwenzetu hofu bure. Tuta limesimama tangu enzi za wakoloni, limepita katika mvua za Uhuru za mwaka 1961 na El Niño ya 1997, na halikuanguka. Wakoloni walijenga kwa udongo mzuri na walishindilia vizuri. Ukiita ofisi, utaanza kudaiwa ada, ripoti ya mazingira, na mhandisi wa kukutoza pesa ambazo hata ng'ombe wote hawawezi kuzileta. Ondoa magunia, fyeka mikaratusi, endelea na kazi zako.

MhandisiMstaafu

Ndugu Ng'ombe, kuhusu magunia tunakubaliana kabisa, na kuhusu gharama sikulaumu, maana mwenye ng'ombe kumi hawezi kulipa kama mwenye shamba la maua. Lakini umri wa tuta si hoja ya usalama wake. Bwawa la Lawn Lake kule Colorado, Marekani, lilikuwa tuta la udongo la watu binafsi, lililojengwa mwaka 1903 kwa ajili ya umwagiliaji. Lilisimama miaka 79. Asubuhi ya tarehe 15 Julai 1982 lilibomoka na watu watatu wakafa, na hapakuwa na mafuriko yoyote siku hiyo. Bomba la kutolea maji lililopita ndani ya tuta lilikuwa limechakaa mahali lilipoungana na vali, maji yakavuja kutoka kwenye kiungo hicho na kuubeba udongo kidogo kidogo kutoka ndani, mpaka tuta likawa na tundu lisiloonekana juu. Miaka haikuliimarisha tuta lile, ilikuwa inalila.

Bwawa la Ka Loko kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, lina fundisho jingine ambalo naomba Ndugu Mrithi alisome kwa makini. Lilikuwa tuta la udongo la tangu mwaka 1890, katika ardhi ya watu binafsi, na katika orodha ya serikali lilikuwa limewekwa katika kundi la hatari ndogo. Tarehe 14 Machi 2006 lilibomoka baada ya mvua za wiki nyingi, na watu saba waliokuwa bondeni wakafa. Uchunguzi huru uliofuata ulisema kwamba kundi lile halikuwa sahihi kwa bwawa lililo juu ya makazi ya watu, na kwamba yaelekea njia ya kumwagia maji ya ziada ilikuwa imefukiwa. Magunia yako ya mchanga, Ndugu Mrithi, yanafanya kazi ileile ya udongo ule.

Juu ya mikaratusi, hapo siafiki ushauri wa kufyeka tu. Miche midogo ing'olewe sasa. Miti mikubwa ikikatwa na mizizi ikaachwa ndani, mizizi huoza na kuacha mirija ambayo maji huifuata. Ikiachwa imesimama, upepo ukiiangusha itang'oka na bonge la tuta. Kila mti mkubwa unahitaji uamuzi wake, na nafasi ya shina ijazwe udongo unaoshindiliwa kwa tabaka. Kazi hiyo ifanyike maji yakiwa chini, mhandisi akiwapo.

MkaziWaSolai

Nimesoma kwa utulivu, na nitasema machache. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la udongo la shamba la watu binafsi lilibomoka hapa Solai, Kaunti ya Nakuru, mvua za masika zikiwa zimekolea. Walikufa watu 48. Baada ya maafa hayo mamlaka husika ilisema hadharani kwamba mabwawa ya shamba lile hayakuwa na vibali.

Ninachotaka kuuliza ni hiki: mbona katika vipimo vitatu alivyotaja Mhandisi hakuna hata kimoja kinachohesabu watu? Kina, ujazo, eneo la mvua. Ukilichukua bwawa la kina cha mita 4 na kuliweka juu ya kijiji, jedwali linasema hatari ndogo. Ukilichukua lilelile na kuliweka katikati ya nyika isiyo na mtu, linasema hatari ndogo vilevile.

MhandisiMstaafu

Swali lako ni la haki, na ndilo udhaifu mkubwa wa jedwali lile kwa maoni yangu. Afrika Kusini wanafanya kwa namna nyingine. Sheria yao ya maji ya mwaka 1998 huanza na ukubwa: bwawa huangaliwa kiusalama likiwa na ukuta unaozidi mita 5 na ujazo unaozidi mita za ujazo 50,000. Kisha huuliza ni watu wangapi wanaoweza kufa likibomoka. Bwawa dogo lisilo na mtu chini yake huwekwa kundi la kwanza. Lilelile likiwa na watu chini yake hupanda kundi la pili, hata kama hakuna aliyegusa tuta. Marekani nao hupanga kwa madhara yatakayotokea bondeni, na kundi la hatari kubwa kule linaweza kuwa na tuta zima kabisa lisilo na ufa. Hali ya tuta hukaguliwa kivyake.

Kwa hiyo mambo ya kujua ni mawili, na jedwali letu linakupa sehemu tu ya moja. Kuna madhara yatakayotokea bwawa likibomoka, na kuna uwezekano wa kubomoka. Kwa Ndugu Mrithi, viwanja vilipouzwa lile la kwanza liliongezeka bila jembe kugusa tuta. Magunia, mikaratusi na unyevu vinaongeza la pili.

Mwenye shaka na afanye hesabu. Kuna kanuni ya makadirio ya mwaka 1995, ya mtafiti anayeitwa Froehlich, iliyotokana na mabwawa yaliyobomoka kweli, ambayo hukadiria wingi wa maji yanayotoka wakati wa kilele kwa kutumia ujazo na kimo cha maji. Kwa mita za ujazo 56,000 na kimo cha mita 6, inatoa takriban mita za ujazo 140 kwa sekunde. Makadirio haya yana kosa kubwa la kwenda juu au chini, lakini hata ukiyagawa kwa mbili, bado unazungumzia mto ambao mkondo wenu mdogo haujawahi kuuona.

WakiliWaMashamba

Niongeze upande wa sheria kwa ufupi. Wengi hudhani kwamba wakipata kibali, au wakimwajiri mkandarasi mzuri, dhima huhamia kwake. Kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher, iliyoamuliwa nchini Uingereza mwaka 1868, ilihusu hasa bwawa dogo la mtu binafsi, mwenye kinu kule Lancashire, ambaye wakandarasi wake walilijenga juu ya mashimo ya zamani ya mgodi bila yeye kujua. Maji yalipotoroka na kuingia katika mgodi wa jirani, mwenye bwawa aliwajibishwa hata kama yeye mwenyewe hakuonyesha uzembe wowote. Kanuni hiyo ni sehemu ya sheria ya mapokeo ambayo Kenya iliirithi, na mahakama zetu huitumia. Kwa hiyo daraja A halikupi kinga. Na kwa kuwa familia ndiyo iliyouza baadhi ya viwanja vile, itakuwa vigumu kudai kwamba haikujua kuna watu chini.

Juu ya hofu ya kubomolewa: ukienda mwenyewe, na ripoti ya mtaalamu mkononi, unazungumzia masharti na muda wa kurekebisha. Ukifikiwa kwanza na malalamiko ya wakazi, mazungumzo ni mengine.

FundiMabwawaMorogoro

Salamu kutoka Tanzania. Huku kwetu Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inashughulikia usalama wa mabwawa, na mlango wa kubisha ni Bodi ya Maji ya Bonde, kwa hiyo sitaingilia madaraja yenu. Nitazungumzia ule unyevu, kwa kuwa kazi yangu ni malambo na ndilo jambo la kwanza ninalolitazama.

Tuta la udongo karibu lote huvuja kidogo. Kuvuja peke yake si msiba. Chimba mfereji mdogo chini ya mahali penye matete, uyaelekeze maji yote kwenye kipande cha bomba, kisha kinga ndoo na utazame inajaa kwa dakika ngapi. Andika kila wiki, pamoja na usawa wa maji bwawani siku hiyo. Maji yakiwa maangavu na kiasi chake kikipanda na kushuka pamoja na bwawa, una muda wa kumsubiri mhandisi. Yakianza kutoka na tope, au yakiongezeka ilhali bwawa halijapanda, udongo unaliwa ndani: hapo unawatoa watu bondeni kwanza, simu za ofisini zinafuata.

Jaribio jingine halina gharama. Chukua kibonge cha udongo wa tuta ukubwa wa punje ya mahindi, kitumbukize katika glasi ya maji safi yaliyotulia, usikoroge. Kikibomoka na kulala chini huku maji yakibaki maangavu, si vibaya. Kikitoa wingu kama la maziwa linalosambaa bila kutua, udongo huo huyeyukia katika maji, na uvujaji mdogo kwenye tuta la namna hiyo unaweza kuwa tundu kwa muda mfupi sana.

Na utoro wa maji, ninyi mnaouita njia ya kumwagia maji ya ziada, usiwe na gunia, uzio wenye takataka, wala shamba la mahindi.

MrithiWaLaikipia

Nawashukuru nyote. Magunia tumekubaliana nyumbani yaondolewe, na jaribio la glasi limefanyika: maji yalibaki karibu maangavu. Ndugu yangu sasa ametoa wazo ambalo lingependeza kila mtu. Anasema tushushe njia ya kumwagia maji moja kwa moja, tuijenge kwa mawe na saruji mahali ambapo kina cha juu kitakuwa mita 4.9. Hapo tutakuwa daraja A kwa vipimo vyote vitatu, na hatutahitaji mhandisi. Je, ni halali? Na je, ni busara?

MhandisiMstaafu

Kushusha maji ni busara, na kwa tuta lenye dalili ulizozitaja ningekushauri hivyo hata kama madaraja yasingekuwapo. Utapata zaidi ya mita moja na nusu kati ya maji na kilele badala ya sentimita 70, na msukumo wa maji ndani ya tuta utapungua. Kushusha kwenyewe kufanyike polepole kwa mpira wa kunyonya maji unaopitishwa juu ya tuta, wala usikate tuta hata kidogo. Usizidishe sentimita 30 kwa siku, kwa sababu udongo wa upande wa ndani uliolowa hubaki mzito ilhali maji yaliyokuwa yakiushikilia yameondoka, na unaweza kuporomoka.

Ila njia mpya ya kumwagia maji ni ujenzi, na ni ujenzi unaoamua kama tuta litapitiwa na maji juu au halitapitiwa siku ya mvua kubwa. Upana wake hutokana na mafuriko ya eneo lenu la mvua, na hiyo ndiyo hesabu ambayo fundi wa trekta hataweza kukufanyia. Peleka mchoro kwa WRA kabla ya kumwaga saruji.

Kuhusu daraja A, nimerudia hesabu kwa kina cha mita 4.9. Bonde linapokuwa na umbo kama lenu, ujazo hupungua haraka kuliko kina, kwa hiyo utabaki na mita za ujazo 30,000 hivi, karibu nusu ya ulizo nazo, na mifugo italihisi hilo wakati wa kiangazi. Kwa kanuni ileile ya Froehlich, maji ya kilele yanashuka kutoka 140 hadi takriban mita za ujazo 90 kwa sekunde. Hizo 90 bado zitapita kwenye mkondo uleule na kuifikia shule ileile, na kwa kilomita moja na nusu zitafika kabla simu haijampata mwalimu mkuu. Kwenye karatasi utakuwa umeshuka daraja. Mimi ningeendelea kulikagua kama la daraja B, na maombi yaende na mpango wa dharura wa ukurasa mmoja: nani analitazama tuta mvua ikinyesha usiku, anapiga kengele ipi, na watoto wanapanda upande gani wa bonde.

NgombeNaNyasi

Mzee, kwa hesabu hiyo ya shule sina la kujibu. Ndugu Mrithi, nina mpira wa inchi nne wa kunyonya maji, mrefu wa kutosha kuvuka tuta la namna hiyo. Nitumie ujumbe wa faragha tupange siku ya kuuchukua.